Kamera ya kitambaa cheusi na nyumba zetu za mawe

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib pale Forodhani, Unguja, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Jumba lile alilijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, na siku lilipoanguka lilikuwa mikononi mwa mafundi wa matengenezo. Watu walipoteza maisha. Jioni ile simu za watu wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, zilijaa picha za vumbi, mbao na nguzo za chuma zilizolala kama mitumbwi ufukweni.

Baada ya rambirambi likaja swali ambalo mafundi hawalikwepi. Kitakachorudishwa kitafanana na nini? Dirisha lilikuwa na urefu gani, roshani ilitokeza kiasi gani, ule urembo wa ukingo ulikaa juu ya nguzo au kando yake? Mtu atasema picha tunazo, tena maelfu. Tunazo kweli. Ila nyingi ni za mgeni anayetabasamu, na nyuma yake jumba limelalia upande kama mtu mwenye usingizi. Picha ya namna hiyo inafaa kwa kumbukumbu ya safari. Fundi wa kuchonga boriti haimfai.

Leo basi, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya chombo cha kizamani ambacho kilitengenezwa kana kwamba waliokitengeneza walikuwa wakifikiria majumba: ile kamera kubwa ya filamu ya bapa, ya kusimamishwa kwenye miguu mitatu, mpiga picha akijifunika kitambaa cheusi kichwani. Wengi tumeiona kwenye sinema tu. Lakini bado ipo, filamu zake bado zinatengenezwa, na kazi inayoifanya haijapitwa na wakati kama tunavyodhani.

Tuanze na kuinama. Ukisimama mbele ya nyumba ya ghorofa tatu katika Mji wa Kale wa Mombasa, kichochoro ni chembamba na huwezi kurudi nyuma. Ili upate paa, unainua simu uso wake uangalie juu. Hapo hapo kuta zinaanza kukaribiana kule juu, nyumba inakuwa kama mkeka uliokunjwa pembe. Si kosa la lenzi. Ni kwamba ubao unaopokea picha ndani ya simu haukusimama sambamba na ukuta. Umelala nyuma kidogo. Sehemu ya juu ya nyumba iko mbali zaidi na ubao huo kuliko sehemu ya chini, na kilicho mbali huonekana kidogo. Jicho letu linaona vivyo hivyo, ila akili inasahihisha. Karatasi haina akili ya kusahihisha.

Dawa yake ni moja: usiinue kamera, iache imesimama wima sambamba na ukuta. Sasa tatizo linageuka. Nusu ya picha yako inakuwa barabara, mitaro na paka, na paa limekatwa. Na hapa ndipo kamera kubwa inapoonyesha hekima yake.

Kamera yenyewe ni vitu vitatu tu. Mbele kuna kibao kinachoshika lenzi. Nyuma kuna fremu yenye kioo cha ukungu, mahali ambapo baadaye filamu itakaa. Katikati kuna mvukuto wa ngozi au kitambaa, unaokunjwa na kukunjuliwa kama ule wa akodiani ya taarabu. Vibao hivi viwili havikufungwa pamoja. Cha mbele kinaweza kupandishwa, kushushwa, kusogezwa kulia au kushoto, na kuinamishwa, wakati cha nyuma kimetulia wima. Kwa hiyo badala ya kuinua kamera nzima, unapandisha lenzi peke yake. Taswira inapanda kwenye kioo, barabara inatoka, paa linaingia, na kuta zinabaki wima kama fundi alivyozipigia timazi.

Nitoe hesabu moja ili isiwe maneno matupu. Chukua filamu ya ukubwa wa inchi 4 kwa 5, ndiyo ya kawaida katika kamera hizi, na lenzi ya milimita 90. Isimamishe kwa urefu, uwe mita 12 kutoka kwenye nyumba, kamera ikiwa mita moja na nusu kutoka ardhini. Kwa umbali huo picha inachukua karibu mita 16 kwenda juu. Lakini kwa kuwa kamera imetazama mbele sawasawa, nusu ya mita hizo inabaki chini ya usawa wa lenzi, na juu unafika mita tisa na nusu tu. Nyumba yako ina mita 14. Ukipandisha kibao cha lenzi sentimita 3 na nusu, upana wa vidole viwili, unafika kileleni na nafasi kidogo juu yake, na chini bado unaona kizingiti cha mlango na kipande cha njia. Vidole viwili tu ndivyo vilivyotenganisha picha ya mgeni na picha ya fundi.

Ila si kila lenzi inakubali mchezo huo. Lenzi hutoa duara la nuru, na filamu hukaa ndani ya duara hilo. Duara likiwa dogo, ukipandisha lenzi pembe za juu za picha zinaingia giza. Ndiyo sababu lenzi za majumba huwa nzito na ghali, kwa kuwa zimetengenezwa kumwaga nuru pana kuliko filamu inavyohitaji. Anayenunua lenzi ya mtumba aulize upana wa duara kwanza, bei baadaye.

Kuhusu filamu, ukubwa wake ni jambo la pili muhimu. Kipande kimoja cha inchi 4 kwa 5 kina eneo zaidi ya mara 13 ya picha moja ya ile filamu ya kuzungusha tuliyoizoea studio. Ipo pia ya inchi 8 kwa 10, ambayo ni mara nne zaidi ya hiyo. Maana yake ni kwamba ukipiga mlango wa nakshi kutoka upande wa pili wa njia, baadaye unaweza kuchukua kioo cha kukuzia ukahesabu petali za kila ua, ukaona misumari ya shaba na mahali patasi ya mchongaji ilipoteleza. Hukupiga picha ya msumari. Ulipiga nyumba, na msumari ukaja wenyewe.

Ulaya walikwisha kuligundua hili mapema. Mwaka 1851 serikali ya Ufaransa iliwatuma wapiga picha watano kuzunguka nchi wakipiga majengo ya kale kabla hayajatengenezwa au kubomoka. Ujerumani kulikuwa na kijana mmoja, Albrecht Meydenbauer, aliyepewa mwaka 1858 kazi ya kupima kanisa kuu la Wetzlar. Alikuwa akipima juu huko kwa mikono, akanusurika kuanguka. Kwa mshtuko ule akawaza: kwa nini nisipime picha badala ya ukuta? Mwaka 1885 taasisi yake ikaanzishwa rasmi Berlin, ikipiga majengo kwa vioo vikubwa, na vipimo vikichukuliwa juu ya picha mezani. Marekani nayo ilianza orodha yake ya majengo ya kihistoria mwaka 1933, na kwa miongo mingi imedai negativu za kamera kubwa, kwa sharti kwamba kumbukumbu iweze kudumu miaka 500.

Huku kwetu kamera hizi hazikuwa ngeni. Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na studio za Wagoa, na jina la A. C. Gomes ndilo linalojulikana zaidi, pamoja na Pereira de Lord na ndugu wa Coutinho. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyewahi kufanya kazi kwa Gomes, alifungua Capital Art Studio, na mwanawe Rohit akaja kuirithi. Hawa walikuwa wafanyabiashara. Walipiga watu waliovaa kanzu na majoho, wakauza kadi za posta kwa abiria wa meli. Lakini chombo walichokuwa nacho mkononi ni hichi hichi, kikubwa na cha polepole, na kwa hivyo hata walipokuwa wakitafuta riziki walikuwa wakipima mji bila kujua.

Faida yake ionekane kwa Beit al-Ajaib yenyewe. Jumba tulilolijua sisi lina mnara katikati ya uso wake. Tazama picha za kabla ya 1896 na utaona uso wa jumba hauna mnara; mnara ulisimama peke yake mbele, karibu na bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa muda usiofika saa nzima, mnara ule ukaharibika, na jumba la jirani, Beit al-Hukm, likaondoka. Baada ya hapo ndipo mnara mpya ulipounganishwa na uso wa Beit al-Ajaib. Kwa hiyo mnara uliotuangukia 2020 ulikuwa kiungo kilichoongezwa baadaye, na anayetaka kujua jumba lilivyokuwa kabla yake hana budi kwenda kwenye picha zile. Bila vioo vya wapiga picha hao, hadithi hii ingebaki kuwa maneno ya wazee dhidi ya maneno ya wazee wengine.

Picha hizo hizo lakini zina mtego, nami napenda kuutaja kwa sababu nimesikia watu wakiteleza. Utaona njia ya mji mchana kweupe, haina mtu hata mmoja. Watazamaji husema, ah, mji ulikuwa umekufa. Haukufa. Filamu na vioo vya zamani vilihitaji nuru kwa muda mrefu, na mtu anayetembea hapati nafasi ya kuandikika. Anapita kama upepo. Aliyesimama kununua kahawa anaonekana. Aliyebeba kikapu cha samaki amebaki kivuli cha moshi. Hata leo ukiminya tundu la lenzi ukaacha nuru iingie sekunde kadhaa, kichochoro chenye watu kinatoka kitupu. Kwa mpiga nyumba hiyo ni bahati, maana wenye mtaa wanaendelea na shughuli zao wala sura zao haziingii.

Mimi mwenyewe mazoezi yangu ya kwanza sikuyafanyia mjini kwetu. Niliyafanyia Kabati, lile soko la Kitui Magharibi lililo kwenye barabara ya kutoka Kitui kwenda Machakos, nilikokuwa nikifanya kazi wakati ule. Jina lenyewe lilitosha kunichekesha, kwa kuwa kamera niliyokuwa nimeibeba ilikuwa kabati kweli kweli. Kule hakuna nyumba za matumbawe wala mlango wa nakshi. Kuna safu za maduka ya chini yaliyotazama barabara, ya aina unayoikuta katika masoko mengi ya bara: baraza mbele, nguzo nyembamba, na ukuta wa mbele umepandishwa juu kuficha mabati, umeandikwa jina la duka kwa rangi. Mtu wa Lamu anaweza kupita asigeuze shingo. Mimi nasema ni shule nzuri kuliko Ndia Kuu. Nafasi ya kurudi nyuma ipo, watu wanakuacha upumue, na jengo la chini linakufundisha kinyume cha tuliyoyasema: hapo hupandishi lenzi, unaishusha au unaisogeza pembeni, ili usije ukawa na picha yenye duka dogo katikati ya mbingu na lami.

Na kivuli cha baraza kilinifundisha kupima nuru. Saa nne asubuhi ukuta wa juu ulikuwa unawaka, ndani ya baraza mlangoni ilikuwa giza. Kwa kipimo, tofauti ilikuwa hatua tano. Kila hatua ni kuzidisha mara mbili, kwa hiyo ukuta ulikuwa na nuru mara 32 ya ile ya mlango. Kwa filamu nyeusi na nyeupe kanuni ya mafundi ni kwamba unapiga kwa ajili ya kivuli na kusafisha kwa ajili ya mwanga. Yaani unampa mlango nuru ya kutosha ili mbao zake zionekane, halafu unapunguza muda wa filamu kukaa kwenye dawa ili ukuta usigeuke karatasi tupu. Uzuri wa filamu za bapa ni kwamba kila kipande kinasafishwa peke yake. Kwa filamu ya kuzungusha, picha 36 zinakula dawa moja kwa muda mmoja, kama wageni wa karamu.

Jambo jingine la Kabati lilikuwa mguu mitatu. Nilipousimamisha ng'ambo ya barabara, mzee mwenye duka alitoka nje mikono nyuma, akatazama, akauliza, "Mwanangu, barabara inapanuliwa tena?" Nikamwambia, "Hapana mzee, napiga picha ya duka lako." Hakuamini mpaka alipoingiza kichwa chini ya kitambaa akaona duka lake juu chini, mabati yakiwa chini na baraza ikiwa juu. Akacheka sana. Lakini swali lake lilikuwa zito. Katika nchi yetu chombo cha miguu mitatu mbele ya nyumba ni dalili ya mpimaji, na mpimaji ni dalili ya alama ya X ya rangi nyekundu ukutani. Mjini Mombasa ni vivyo hivyo, labda zaidi, kwa kuwa nyumba nyingi za kale ni za mirathi, warithi wako wengi na wengine wako Maskati au Toronto. Ukionekana umesimama na chombo mbele ya nyumba ya marehemu, kabla ya adhuhuri mtaa umeshaambiwa imeuzwa. Kwa hiyo piga hodi kwanza. Eleza, waonyeshe kioo, na kama ni ndani ya nyumba, kubali kwamba kuna vyumba hutaingia.

Turudi pwani, maana hali ya hewa yetu haina huruma na filamu. Bara adui ni vumbi: chembe moja ikikaa juu ya filamu inazuia nuru, na kwenye picha inatoka kama nukta nyeusi. Pwani adui ni unyevu. Filamu inapakiwa gizani, vipande viwili katika kaseti moja bapa, kimoja kila upande, kwa kupapasa. Kwenye kona ya filamu kuna vichanja vidogo; vikiwa kona ya juu kulia, basi upande wenye dawa umekutazama wewe. Fanya hivyo ndani ya mfuko wa giza mwezi wa Machi, na katika dakika kumi mikono imelowa jasho na filamu inashika vidole. Wenye busara hupakia usiku wa manane au alfajiri, chumbani, feni imezimwa ili isirushe vumbi, na hawapakii nyingi kwa mkupuo mmoja. Filamu ikitoka friji iachwe ndani ya boksi lake masaa kadhaa ipate joto la chumba, ama sivyo mvuke unatua juu yake kama umande. Lenzi nazo zikifungiwa mkobani mwezi mzima huota ukungu kama mkate. Zinahitaji hewa, na pakiti za chembe za kunyonya unyevu ndani ya sanduku.

Kusafisha ni mtihani mwingine. Dawa nyingi zimepimwa kwa maji ya digrii 20, na maji ya bomba wakati wa kaskazi hayako mbali na digrii 30. Katika joto hilo dawa inakimbia, na ile tabaka ya gelatini inalainika kiasi kwamba ukucha tu unaikwangua. Njia nyepesi ni beseni la maji na chupa za barafu, dawa zote, pamoja na maji ya kusuuzia, zikae humo mpaka ziwe na joto moja. Ukishindwa kufika 20 fanya kazi kwa 24 na upunguze muda kwa karibu theluthi moja. Muhimu ni kwamba usiiruke filamu kutoka baridi kwenda moto. Wagoa wa Unguja walifanya haya bila friji wala feni, na ukiziangalia kazi zao unabaki kuwavulia kofia.

Saa ya kupiga nayo ina mji wake. Mji wa Kale wa Mombasa unatazama bandari ya zamani upande wa mashariki, na Lamu inatazama Manda vivyo hivyo, kwa hiyo nyuso za nyumba za ufukweni zinapata jua asubuhi. Forodhani ya Unguja inatazama machweo. Hiyo ni kazi ya alasiri. Kwa mlango wa nakshi usingoje jua liupige usoni. Ngoja lipite kando, kwa pembe, kila mchongo utupe kivuli chake. Ndani ya vichochoro jua halifiki ila saa sita, nalo likifika linakata picha vipande viwili, cheupe na cheusi. Hapo siku ya mawingu ni bora. Upepo wa kusi ukianza, mvukuto wa kamera unageuka tanga, kwa hivyo amka mapema kabla haujapanda. Na kichujio cha manjano au cha machungwa mbele ya lenzi kinatia giza kidogo kwenye mbingu ya buluu, ukuta wa chokaa ukasimama mbele yake badala ya kuyeyuka ndani yake.

Ndani ya nyumba, kwenye zidaka na chini ya boriti, nuru ni haba na muda unakuwa mrefu. Filamu ina uvivu wake: kipimo kikisema sekunde 10, filamu nyingi zinataka karibu 20. Hesabu hiyo imeandikwa kwenye karatasi ya kila filamu. Isome.

Najua msomaji ataniuliza, yote haya ya nini na simu ipo? Ni haki kuuliza. Kuna hata mashine za leza siku hizi. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umeyapima magofu ya Kilwa kwa namna hiyo, kwa usahihi ambao Meydenbauer asingeuota. Na simu nyingi zina programu ya kunyosha kuta zilizoinama, ingawa inazinyosha kwa kuvuta sehemu ya juu ya picha, na kilichovutwa hakina maelezo mapya. Sisemi kila mtu anunue kamera kubwa. Ni ghali, filamu huagizwa, na kwa asubuhi nzima unarudi na picha sita. Ninachosema ni kwamba picha sita zile zitasomeka kwa jicho na dirisha la nuru hata kama kampuni zote za simu zitakuwa zimefungwa. Mimi naona vijana watatu au wanne katika kila mji wa kale, wenye kamera moja ya kushirikiana, wangefanya kazi kubwa kuliko maelfu ya picha zinazopotea kila mara simu inapoanguka baharini.

Na anayetumia simu ajifunze tabia za kamera kubwa. Simama mbali kadiri unavyoweza, tafuta ghorofa ya jirani upande wa pili upige kutoka katikati ya urefu wa nyumba, shika simu wima sambamba na ukuta hata kama utachukua barabara nyingi, halafu ukate. Piga uso mzima kwanza, kisha mlango, kisha dirisha moja, kisha mahali paa linapokutana na ukuta. Usiweke mtu mbele.

Lililobaki ni mahali pa kuziweka. Picha nyingi za zamani za pwani yetu ziko mbali. Mkusanyo wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na wamezitia mtandaoni, Mungu awalipe. Lakini jiulize ni familia ngapi za Kibokoni au Shangani zenye picha moja tu, iliyo wima, ya nyumba ya babu yao. Tunazo za harusi ndani ya nyumba hizo. Bibi harusi anaonekana vizuri, zidaka nyuma yake zimekatwa nusu.

Kwa hiyo ukipiga nyumba, simamisha kando ya mlango kijiti cha mita moja chenye alama za sentimita, ili atakayekuja aweze kupima. Negativu iwekwe katika bahasha ya karatasi, si ya plastiki, maana plastiki inafungia unyevu. Juu ya bahasha andika kwa penseli jina la nyumba kama mtaa unavyoliita, mtaa wenyewe, upande inaotazama, tarehe, milimita za lenzi na umbali wako kutoka ukutani. Kisha toa nakala tatu: moja ya wenye nyumba, moja ipelekwe makumbusho, kwa Mombasa ni Fort Jesus, na moja ikae na negativu nje ya mji, mahali pakavu. Mimi zangu ziko Kabati, ndani ya sanduku la bati, kwa yule mzee wa duka.